Viungo pacha: mdalasini upi, pilipili ipi, zafarani au manjano?

Rafu ya viungo imejaa majina yanayofanana juu ya vitu visivyofanana. Pakiti mbili zimeandikwa mdalasini, moja bei yake ni mara kadhaa ya nyenzake, na ndani mna magome ya miti miwili tofauti. Pilipili nazo ziko za kila namna, nyingine hazina hata undugu. Wengi wetu huchagua kwa bei: mwenye hela huchukua ya ghali akiamini ndiyo bora, mwingine huchukua ya rahisi akisema ladha ni ileile.

Mimi naona wote wawili wanauliza swali lisilo lenyewe. Jozi kadhaa nitakazozieleza hapa zilizaliwa na uhaba. Kiungo kimoja kilikuwa mbali au ghali, kingine kikashika nafasi yake, na baada ya muda nchi nzima ikajenga mapishi yake juu ya huyo mbadala. Mbadala akawa mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi ni bora, uliza chakula unachopika kilizaliwa na kipi. Jibu hilo litakuokolea fedha mara nyingi, na mara chache litakufanya utoe zaidi.

Mdalasini wa Sri Lanka na kasia

Mdalasini wa Sri Lanka ni Cinnamomum verum. Kasia ni Cinnamomum cassia ya China, pamoja na ndugu zake wa Indonesia na Vietnam. Ni ukoo mmoja, miti mbalimbali, na sokoni yote huitwa mdalasini.

Ukiwa na vijiti mkononi, huhitaji mtaalamu. Kitazame kwenye ncha. Wa Sri Lanka ni tabaka nyingi za gome la ndani, nyembamba kama karatasi, zilizoviringishwa pamoja. Ukikibana kwa vidole kinavunjika na kumeguka vipande. Kasia ni gome moja nene na gumu, limejikunja kutoka pande zote mbili likakutana katikati, na kulivunja kwa mkono ni kazi. Ukishasagwa, macho hayasaidii sana, ingawa unga wa kasia huelekea wekundu na wa Sri Lanka huwa umepauka kidogo. Hapo tegemea pua na ulimi: kasia ni kali, tamu, inachoma kidogo, wa Sri Lanka ni mpole, una harufu iliyokaribiana na karafuu.

Kuchanganyikiwa huku ni kwa kale. Wagiriki na Warumi walinunua vyote viwili kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, ambao hawakuwa na sababu ya kumwambia mteja bidhaa inatoka wapi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, katika karne ya 5 KK, aliandika kwamba kuna ndege wakubwa wanaojenga viota kwa vijiti vya mdalasini kwenye majabali, na watu huwawekea mapande mazito ya nyama. Ndege wakiyabeba, viota huelemewa na kuanguka, watu wakaokota. Miaka kama 500 baadaye, Pliny, mwandishi wa Roma, alizikataa hadithi hizo na kusema waziwazi kwamba zimetungwa ili kupandisha bei. Naiheshimu sana kauli hiyo, maana hata leo ghali ya viungo vingi inabebwa na hadithi.

Wareno walifika Sri Lanka mwaka 1505, Waholanzi wakaitwaa Colombo mwaka 1656, Waingereza wakafuata mwaka 1796, na kila mmoja aliutaka mdalasini uwe mali yake peke yake. Biashara hiyo ndiyo iliyogawa majiko ya dunia. Mexico iliuzoea mdalasini wa Sri Lanka tangu enzi za Wahispania na hadi leo ni mnunuzi wake mkubwa. Chokoleti na vinywaji vyake vya wali na maziwa vinautegemea upole ule. Marekani ilizoea kasia, na mkate wake mtamu wa mdalasini hauna maana bila ukali wake. Mchanganyiko wa viungo vitano wa China, supu ya pho ya Vietnam na masala nyingi za India hutumia kasia.

Basi chagua hivi. Nyama inayochemka saa nyingi, supu nzito, masala yenye viungo kumi: chukua kasia, kwa sababu mdalasini mpole utamezwa na hela yako itakuwa imepotea. Maziwa, krimu, matunda yaliyochemshwa, chokoleti: chukua wa Sri Lanka.

Kuna jambo moja linalopindua hesabu hii, nalo ni kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini kwa watu wengine ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Kasia inayo nyingi. Mdalasini wa Sri Lanka una kidogo mno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kufikia au kupita kiasi hicho. Anayekula mkate wa mdalasini mara mojamoja hana la kuhofia. Lakini anayetia kijiko kizima kwenye uji kila asubuhi kwa ajili ya afya, na hasa akiwa anamlisha mtoto mdogo, anunue wa Sri Lanka na asijadiliane na bei.

Pilipili manga, pilipili ndefu na pilipili kali

Hapa jina limefunika mimea miwili isiyo na uhusiano wowote. Pilipili manga ni matunda madogo yaliyokaushwa ya mtambaazi wa pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Pilipili kali ni tunda la mmea wa Amerika. Ukali wa ya kwanza unatokana na piperini, wa ya pili na kapsaisini, na mdomo huzipokea tofauti kabisa.

Pilipili manga ina umri mrefu katika kumbukumbu za watu. Punje zake zilikutwa puani mwa maiti ya Farao Ramesses II, aliyekufa mwaka 1213 KK. Mwaka 408 BK, Alaric mfalme wa Wagothi alipoizingira Roma, fidia aliyodai ilikuwa na dhahabu, fedha, hariri, na ratili 3,000 za pilipili. Hata hivyo kwa Warumi hiyo haikuwa pilipili ya juu. Pliny aliandika bei za ratili moja: nyeusi dinari 4, nyeupe 7, na pilipili ndefu 15. Pilipili ndefu ni binamu wa pilipili manga, umbo lake ni kijifimbo chenye vijipunje vilivyoshikana, na ukali wake huja polepole ukiwa na utamu ndani yake. Ilipotea karibu kabisa Ulaya. Ilibaki India, Indonesia na Ethiopia, na mtu akiipata nashauri aijaribu kwenye nyama ya kuchemsha muda mrefu, maana inavumilia moto kuliko nyeusi.

Iliyosaidia kuiondoa mezani ni pilipili kali. Columbus alisafiri mwaka 1492 akitafuta pilipili manga na akarudi na mbegu za mmea mwingine uliokuwa umelimwa Mexico kwa maelfu ya miaka. Mreno Vasco da Gama alifika Calicut, India, mwaka 1498, na meli za Wareno zikafungua njia iliyounganisha Brazil, Afrika, Goa na Malacca. Ndani ya karne moja hivi pilipili kali ilikuwa imeenea Asia. Sababu ni nyepesi: pilipili manga inataka joto, mvua nyingi na mti wa kupandia, na nje ya ukanda wa joto lazima inunuliwe. Pilipili kali inaota kwa mbegu kwenye kipande chochote cha ardhi chenye jua. Maskini aliyekuwa hawezi kununua ukali sasa aliulima nyuma ya nyumba.

Fikiria ukubwa wa jambo hili. Kabla ya hapo mpishi wa India alipata ukali kwa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Sichuan, jimbo la China, ilikuwa na ule mti wake wa kuganzisha ulimi, lakini haikuwa na pilipili nyekundu. Kimchi ya Korea, ile mboga ya kuchachusha, haikuwa nyekundu. Hungary haikuwa na paprika, unga wake wa pilipili nyekundu. Vyakula vinne ambavyo leo wenyewe huvihesabu kuwa roho ya taifa lao vimejengwa juu ya mgeni aliyefika karne chache tu zilizopita, na hakuna aliyevipenda pungufu kwa sababu hiyo.

Kuchagua kati yao ni suala la unataka nini. Ukitaka joto linaloenea chakula kizima, ni pilipili kali. Itie mapema, kwenye mafuta, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Ndiyo maana pia maji hayakuokoi ukishaungua, ila maziwa. Ukitaka kupunguza ukali, usihangaike na mbegu peke yake: toa ile nyama nyeupe inayoshika mbegu, kwani humo ndimo kapsaisini inamotengenezwa. Ukitaka harufu, ni pilipili manga, iliyosagwa wakati huohuo na kutiwa mwishoni, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu yake hutoweka na mvuke. Nyeupe ni tunda lilelile lililoiva, likalowekwa na kuvuliwa ganda. Ina ukali bila ile harufu ya ganda, na ina harufu yake ya uchachu ambayo wengine hawaipendi. Supu ya uchachu na ukali ya China inaihitaji kweli. Mchuzi mweupe wa Kifaransa unaitumia kwa ajili ya rangi tu, kwa hiyo hapo ukitia nyeusi hukukosea kitu ila vidoa.

Kungumanga na basibasi

Tunda moja, viungo viwili. Likipasuka unaona mbegu nyeusi inayong'aa, imefumbatwa na utando mwekundu wenye matundumatundu. Utando ukianikwa hugeuka rangi ya machungwa iliyofifia: ndiyo basibasi. Kiini cha mbegu ndicho kungumanga. Kwa kuwa utando ni mdogo sana ukilinganisha na kiini, basibasi huwa ghali zaidi.

Kungumanga ni nzito, tamu, ya joto. Inapenda maziwa, jibini, viazi, mchicha na mayai. Basibasi ni nyepesi na kavu zaidi, na inafaa mahali ambapo harufu inatakiwa isikike bila kutawala: samaki, kuku, biriani za mtindo wa Kimughali. Kama utanunua kimoja tu, nunua kungumanga, tena nzima, uikwaruze unapoihitaji. Punje moja hukaa miaka. Tumia kidogo, kwa wingi ni sumu, na kijiko kizima au viwili vinaweza kumlaza mtu kitandani.

Siwezi kuizungumzia kungumanga kama kiungo tu. Hadi karne ya 18 ilitoka mahali pamoja duniani, Visiwa vidogo vya Banda vilivyo Indonesia ya leo. Mwaka 1621 Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, chini ya Jan Pieterszoon Coen, ilivivamia ili iwe muuzaji pekee. Kati ya wakazi wapatao 15,000, waliobaki visiwani walikuwa kama 1,000. Wengine waliuawa, walikufa njaa, walikimbia au walipelekwa utumwani. Mashamba yakalimwa na watumwa walioletwa. Mwaka 1667, kwa mkataba wa Breda, Uingereza iliwaachia Waholanzi kisiwa cha Run huko Banda, nao Waholanzi wakaiachia Uingereza Manhattan, sehemu ya New York ya leo. Watu hupenda kuisimulia kama biashara ya kuchekesha. Wabanda hawakuulizwa.

Ukiritimba uliisha kwa wizi wa miche. Mfaransa Pierre Poivre aliipeleka Mauritius karibu na mwaka 1770, Waingereza wakaisambaza Asia na Karibi, na leo Grenada imeichora kungumanga kwenye bendera yake.

Jambo la ajabu ni kwamba viungo vilipoanza kupatikana kwa wingi Ulaya, matajiri walivikimbia. Kuanzia karne ya 17 wapishi wa Ufaransa waligeukia siagi, majani mabichi na supu ya mifupa. Vilivyobaki mezani ni pilipili manga na kungumanga kidogo kwenye mchuzi mweupe. Hii pekee inatosha kuivunja ile hadithi kwamba Wazungu wa kale walitumia viungo kuficha nyama iliyooza. Aliyeweza kununua kungumanga aliweza kununua nyama mpya bila kufikiri mara mbili. Viungo vilikuwa alama ya utajiri, na alama ikishapatikana kwa kila mtu haina kazi tena.

Karafuu na pimento ya Jamaica

Karafuu ilitoka Ternate, Tidore na visiwa jirani vya Maluku, huko Indonesia. Waholanzi walikata miti kwingine ili iote Ambon tu, nayo ikatoroshwa kama kungumanga, ikafika Mauritius na baadaye Zanzibar, ambako mashamba ya karne ya 19 yalisimama juu ya migongo ya watumwa. Pimento ni punje kavu za mti wa Karibi ambazo Wahispania walizidhania pilipili.

Zote mbili zina yujenoli, mafuta yale yale yanayoganzisha ufizi. Tofauti ni kwamba karafuu ni ngumi moja, pimento ina harufu ya mdalasini na kungumanga ndani yake. Kwenye jerk, nyama ya kuchoma ya Jamaica, hakuna kinachoziba pengo la pimento. Ukikosa pimento, changanya karafuu, mdalasini na kungumanga, karafuu iwe ndogo kuliko zote. Ukikosa karafuu, pimento pekee itakufikisha karibu.

Zafarani na manjano

Kuviweka pamoja hivi viwili kunawaudhi wapenzi wa zafarani, na wana haki. Kinachoviunganisha ni rangi tu. Lakini kwa kuwa rangi ndiyo watu wengi wanayoinunua, ulinganisho lazima ufanywe.

Zafarani ni nyuzi tatu nyekundu za katikati ya ua moja dogo la zambarau, zinazochumwa kwa mkono. Kilo moja kavu inadai maua yapatayo 150,000. Iran ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia. Ughali huo umeita wachakachuaji tangu zamani. Katika mji wa Nuremberg, karne ya 15, baadhi ya waliokamatwa wakiichakachua walihukumiwa kuchomwa moto.

Jaribio lake ni rahisi. Tia nyuzi chache kwenye maji ya uvuguvugu na usubiri dakika kumi na tano. Za kweli hutoa rangi ya dhahabu taratibu, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Zilizopakwa rangi hutoa wekundu mara moja na uzi unapauka. Rangi ya zafarani huyeyuka katika maji, na kwa sababu hiyo wapishi wa Iran huiloweka kwanza ndipo waimwagie wali. Manjano ni kinyume: rangi yake hupenda mafuta, kwa hiyo ianze kwenye kikaango, na ikianza kwenye maji itabaki na ladha ya udongo.

Kwa paella (wali wa Kihispania), wali wa Iran, risotto (wali wa Kiitaliano) ya Milano na aiskrimu ya zafarani, usibadilishe. Harufu ile haina mwenzake. Kwa dengu, viazi, mboga na mchuzi wa India wa kila siku, manjano ndiyo mwenyewe tangu mwanzo, na kutia zafarani humo ni kuipoteza. Wali unaotaka tu uwe wa njano, tia manjano kidogo na usijidanganye kwamba umetia zafarani.

Tahadhari ya manjano ni nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nchini Bangladesh manjano yalikuwa yanapakwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Serikali ya huko ilichukua hatua kali: sampuli sokoni zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Kwa hiyo manjano yanayong'aa kupita kiasi yasikuvutie. Yanunue kwa mwenye chapa inayowajibika, au mizizi mibichi.

Iliki ya kijani na iliki nyeusi

Fupi kabisa: hazibadilishani. Ya kijani, kutoka milima ya kusini-magharibi mwa India na siku hizi zaidi kutoka Guatemala, ni ya kahawa, chai, vitamutamu na mikate ya Sweden na Finland. Nyeusi, ya Nepal, Bhutan na Sikkim, hukaushwa kwa moto na hubeba harufu ya moshi. Ni ya nyama na dengu. Ukitia nyeusi kwenye maziwa matamu utayamwaga.

Vanila ya ganda na vanilini

Hapa nitasema kinyume na matarajio ya wengi: mara nyingi ya bandia inatosha.

Vanila ni ganda la okidi ya Mexico. Ilipohamishiwa nchi nyingine ilichanua bila kuzaa, kwa kukosa wadudu wa kwao. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, mvulana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Madagascar, mzalishaji mkuu wa leo, bado inatumia njia hiyo, ua kwa ua. Albius alipata uhuru mwaka 1848, pamoja na watumwa wengine wa Réunion, na akafa maskini mwaka 1880.

Mwaka 1874 wakemia wa Ujerumani, Tiemann na Haarmann, walitengeneza vanilini kutokana na utomvu wa misonobari. Ni molekuli ileile iliyo kuu katika ganda, ila ganda lina nyingine nyingi zinazoizunguka. Ndani ya keki au biskuti, joto la tanuri huondoa sehemu kubwa ya hizo nyingine, na ulimi hauoni tofauti kubwa. Kwenye aiskrimu, kastadi na krimu isiyopikwa sana, tofauti iko wazi kuanzia kijiko cha kwanza. Ganda liweke kwa hizo, na baada ya kukwangua mbegu lizike kwenye sukari. Litaendelea kutoa harufu kwa wiki nyingi.

Nzima au unga?

Nzima, kila inapowezekana. Kilichosagwa kinapoteza harufu ndani ya miezi, na ndicho kinachochakachuliwa kirahisi, kwa kuwa pilipili manga nzima utaiona kwa macho lakini unga wake unaweza kubeba chochote. Karafuu, iliki, bizari nyembamba, pilipili manga na kungumanga vinunue vizima na usage kidogo kidogo, vikiwa vimepashwa moto kidogo kwenye kikaango kikavu, isipokuwa kungumanga ambayo inataka kikwaruzo tu. Manjano makavu, tangawizi kavu, paprika na kasia ni vigumu kusaga nyumbani. Hivyo nunua unga, kwa pakiti ndogo, uviweke mbali na jiko na mwanga wa jua, na ukifungua kifuniko usisikie harufu, usiongeze kijiko cha pili kufidia. Nunua kingine.